Somo: Kuchagua kiyoyozi kwa lori la zamani linalofufuliwa

Somo hili linamhusu mwenye Bedford TJ, Leyland au Isuzu ya zamani ambaye amekaribia kumaliza kazi ya injini na bodi, na sasa anataka kabini ya kukalika katika joto la Januari kati ya Mtwara na Masasi. Wengi huanza kwa kuulizia bei ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea. Kwa maoni yangu, kompresa huchaguliwa karibu na mwisho, kwa sababu lori hilo liliundwa bila kiyoyozi, na umeme wake, kabini yake na rejeta yake ndivyo vitakavyoamua ni mfumo gani utakaolifaa.

Hatua ya kwanza: umeme

Pima betri ujue kama lori ni la volti 12 au 24, kisha tazama ni waya upi wa betri uliofungwa kwenye chasi. Bedford TJ ilianza kuundwa Uingereza mwaka 1958, na magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo yalifungwa chanya kwenye chasi, kinyume cha utaratibu wa leo. Ukiunganisha kiyoyozi cha kisasa bila kurekebisha jambo hilo, feni za sumaku zitazunguka kinyumenyume, na klachi ya kompresa (inayoiunganisha na mkanda wa injini) yenye dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, itaunguza fyuzi mara tu utakapowasha.

Baada ya hapo angalia chaji. Dainamo za zamani, ambazo huchaji betri injini ikizunguka, ni dhaifu. Lucas C40, kwa mfano, hutoa takribani ampea 22, na injini ikinguruma polepole bila lori kwenda haitoi karibu chochote. Katika volti 12, klachi ya kompresa hula ampea 4 hivi, feni ya ndani ikiwa kasi ya juu hula 10 hadi 15, na feni ya kondensa (rejeta ya gesi, inayotoa joto nje) hula nyingine zaidi ya 10, kabla hujawasha taa wala waipa. Ondoa dainamo, weka olteneta, yaani mtambo wa kuchaji wa kisasa, ya ampea 65 au zaidi, na kila feni ipate rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo) na fyuzi yake. Usipitishe mzigo huo kwenye swichi ya zamani ya dashibodi.

Hapa ndipo viyoyozi vya umeme mtupu, ambavyo havihitaji mkanda wa injini, vinapoanguka. Kuondoa kilowati 2 za joto kwaweza kudai karibu kilowati 1 ya umeme, yaani zaidi ya ampea 80 katika volti 12. Vinavyofungwa juu ya paa, tena, huiharibu sura ya Bedford, na sioni faida ya kufufua lori kwa uangalifu kisha ukalivika sanduku kichwani.

Hatua ya pili: kabini

Ziba kwanza. Badilisha raba za milango na vioo, funga matundu ya pedali na ya nyaya, na utandike kizuia joto kwenye sakafu na hasa kwenye kifuniko cha injini, kwa kuwa katika malori mengi joto kubwa hutoka miguuni kuliko juani. Kabini inayovuja humfanya mtu anunue mfumo mkubwa kuliko anaouhitaji.

Kwa kabini ya watu watatu, evapoleta (sehemu inayopoza hewa ndani) ya kuning'inizwa chini ya dashibodi inatosha, mradi ivute hewa ya ndani ya kabini na isivute ya nje. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo maji yatatiririka. Mrija wa kuyatoa uwe mpana na uteremke moja kwa moja hadi chini ya sakafu.

Hatua ya tatu: kondensa

Usibane fedha hapa. Chukua kondensa kubwa kadiri nafasi iliyo mbele ya rejeta inavyoruhusu, ya aina ya mikondo sambamba (gesi hupita kwenye mirija mingi kwa pamoja), na uiongezee feni ya umeme, kwa sababu lori lililobeba korosho likipanda uwanda wa Makonde kuelekea Newala huenda polepole na halipati upepo wa mwendo. Ioshe kwa maji baridi mara kwa mara, maana chumvi ya bahari hula alumini, na vumbi huziba mapezi yake.

Hatua ya nne: kompresa na gesi

Chagua kompresa ya aina ya Sanden au nakala yake inayotumia gesi ya R134a, kwa kuwa vipuri vyake hupatikana. Usifufue mfumo wa gesi ya zamani ya R12: uzalishaji wake ulikomeshwa katika nchi zinazoendelea mwaka 2010 chini ya Mkataba wa Montreal, na mafuta yake ya madini hayachanganyiki na R134a. Injini ya dizeli ya zamani huzunguka polepole, hivyo puli ya injini iwe kubwa kuliko ya kompresa ili kasi ya kompresa izidi kidogo ile ya injini. Puli hizo zikae kwenye mstari mmoja kabisa, na bano liwe la bamba nene lililofungwa kwenye bloku.

Weka swichi ya kulinda mgandamizo, hozi maalumu za R134a, na kikaushio kipya (kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo) kinachofunguliwa mwisho kabisa. Fundi avute vakyumu, yaani anyonye hewa yote iliyomo kwenye mfumo, kwa dakika 30 au zaidi kabla ya kujaza gesi.

Maswali ya wanachama

Masasi: Shikamoo mwalimu. Lori langu ni la volti 24, nami nimepata vifaa vya 12. Naweza kuchukua umeme kwenye betri moja?

Marahaba. Usifanye hivyo. Betri moja itachoka na nyingine itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Nunua koili ya klachi na mota za feni za volti 24. Kondensa, evapoleta na hozi hazichagui volti.

Lindi mjini: Fundi ananishauri tujaze gesi ya kupikia, eti inapoza vizuri zaidi. Ni kweli?

Inapoza, dada, lakini inawaka, na evapoleta imo ndani ya kabini pamoja nawe. Ikivuja palipo na cheche ya swichi au sigara ya utingo, hutapata muda wa kufungua mlango. Mkatalie.

Nachingwea: Kompresa ya skrepa, iliyotoka kwenye Hiace, inafaa?

Inafaa iwapo matundu yake yalikuwa yamezibwa, klachi inazunguka laini kwa mkono, na mafuta yanayotoka hayana weusi wala chembe za chuma. Mwaga mafuta hayo, weka mapya ya aina na kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji.

Newala: Tangu nifunge kiyoyozi, injini inachemka mlimani. Nipunguze gesi?

Kaka, usianze kwa kuilaumu gesi. Safisha rejeta ndani na nje, kagua kinga ya upepo inayozunguka feni ya injini, na uhakikishe kwamba feni ya kondensa inasukuma hewa kuelekea kwenye rejeta. Kisha funga swichi ya joto itakayokata klachi maji yanapokaribia kuchemka; utapanda bila ubaridi kwa dakika chache, na kompresa itarudi yenyewe ukifika juu.