Vuna mvua ya paa lako kabla haijamfikia jirani wa bondeni

Naishi Tabata, Dar es Salaam, kwenye mteremko unaoshukia Bonde la Msimbazi. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua, mgao wa maji ukaanza, nikawa nanunua dumu la lita 20 kwa shilingi 500 kwa mwenye guta. Masika iliyofuata ua wangu ukajaa maji. Nikachimba mfereji, nikayafukuza yote nje ya geti. Kesho yake nikamwamkia mama mmoja wa kule chini. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, maji ya kwenu yamelala kitandani kwangu." Sijayafukuza tena.

Anza na tepu. Pima eneo ambalo paa linafunika chini; usipime mwinuko wa bati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa langu ni mita 8 kwa 10, kwa hiyo mvua kubwa ya milimita 50 inaleta lita 4,000. Toa moja ya tano kwa yanayoruka na kuvuja, zinabaki 3,200. Hayo ni madumu 160 kwa siku moja, na mimi nilikuwa nayalipia!

Gata, yaani mfereji unaopokea maji ukingoni mwa paa, ishuke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye tanki. Simama hapo fundi anapofunga, umwage ndoo ya maji uone yanakokwenda. Ya kwangu ililazwa sawasawa, maji yakatuama, na baada ya wiki nikakuta viluwiluwi vya mbu. Mbu wa dengue, ugonjwa uliotusumbua Dar mwaka 2014 na 2019, anapenda maji safi yaliyotulia kama hayo. Kwa hiyo simtanki, yaani tanki la plastiki linalopokea maji hayo, liwe na mfuniko unaobana, na kila tundu, hata la bomba la ziada linalotoa maji tanki likijaa, lifungwe wavu.

Simtanki la lita 2,000 likijaa lina uzito wa tani 2. Lijengee kitako cha tofali na zege juu ya ardhi ngumu, si kifusi, na kiwe na kimo cha kutosha ndoo kukaa chini ya koki.

Maji ya kwanza hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Fundi aache kona moja ya bomba linalotoka kwenye gata bila gundi, iwe inazungushika. Mvua ikianza, nageuza kona itazame nje kwa dakika kumi hivi, kisha nairudisha kwenye tanki. Hata hivyo ya kunywa nachemsha. Kama paa lako ni la asbesto, yatumie chooni na kudekia tu.

Sasa bomba la ziada, ambalo mafundi wengi huliacha linamwaga barabarani. Hapa ndipo mafuriko ya mwenzio yanapoanzia. Chimba shimo la upana wa mita 1 na kina cha mita 1 na nusu, ulijaze vipande vya tofali na kokoto, maji yaingie humo yafyonzwe. Likae mbali na msingi wa nyumba, na mbali zaidi na shimo la choo. Kabla ya kulijaza, limwagie maji: kama kesho yake bado yamesimama, udongo wako haufyonzi, usipoteze hela. Mimi nilibomoa pia sakafu ya saruji mbele ya nyumba, nikapanda majani. Watoto walinung'unika kuhusu matope wiki mbili, wakazoea.

Kuna jambo moja nilichelewa kulijua. Tanki la kukuvusha kiangazi linatakiwa lijae, lakini tanki la kupunguza mafuriko linatakiwa liwe na nafasi. Huwezi kupata yote mawili siku moja, ila kalenda inasaidia. Machi na Aprili nayatumia bila kubana: nafua mapazia, nadeki, namwagilia ndizi, ili wingu zito linapotanda upande wa Pugu tanki liwe nusu. Ikifika katikati ya Mei naliacha lijae, kisha nachora mstari wa mkaa ubavuni kila Jumapili, nione tunashuka kiasi gani hadi vuli.