Jinsi ya Kulinganisha Kifaa cha Kwenye Filamu na Kifaa Halisi

Mtu akitazama filamu ya zamani ya bunilizi ya kisayansi na kuona wahusika wakizungumza kwa simu ya video, huwa mwepesi wa kusema kwamba mtunzi alitabiri. Mara nyingi kauli hiyo si sahihi, na kuichunguza si kazi ngumu, ilimradi mtazamaji awe tayari kusimamisha filamu na kushika kalamu.

Anza kwa kuandika kazi inayofanywa na kifaa, bila kutaja jina lake. Usiandike "upanga wa nuru", kama ule wa filamu za Star Wars. Andika "mwali wa mwanga unaokoma hewani baada ya mita moja, unaokata chuma na kugongana na mwali mwingine". Maelezo ya namna hiyo hufichua tatizo papo hapo, kwa kuwa mwanga haukomi njiani bila kukutana na kitu, na miali miwili ikikutana hupitana tu. Kinyume chake, kifaa cha sikioni anachovaa Uhura katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek, iliyoanza mwaka 1966 (mhusika ambaye jina lake, tujivunie kidogo, limetokana na neno letu uhuru), kikielezwa kwa kazi yake tu kinabaki kuwa spika ndogo ya kusikilizia ujumbe, jambo ambalo halikuwa muujiza hata wakati huo.

Hatua inayofuata, ambayo wengi huiruka, ni kupanga tarehe. Tafuta mwaka ambao filamu ilitoka, kisha mwaka ambao kifaa cha aina hiyo kilionekana hadharani nje ya sinema. Chukua mfano wa 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1968. Humo Dakta Floyd, akiwa katika kituo cha anga, anaingia kwenye kibanda, anazungumza na bintiye mdogo aliyeko duniani huku akimwona, na mwishoni mashine inamwonyesha kwamba anadaiwa dola 1.70. Tukio hilo husifiwa sana kuwa ni utabiri. Lakini kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilikuwa imekwisha kuonyesha simu yake ya video, iliyoitwa Picturephone, katika maonyesho ya kimataifa ya New York mwaka 1964, na kibanda anachotumia Floyd kina nembo ya Bell, yaani mfumo wa simu uliokuwa chini ya kampuni hiyohiyo. Kubrick hakutabiri, alikopa, na alikopa vizuri.

Ukishajua nani alikopa kwa nani, andika pia kile ambacho filamu ilikosea, maana kosa lake huwa na habari nyingi kuliko shabaha yake. Huduma ya Picturephone ilipoanza kuuzwa katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1970, kwa dola 160 kwa mwezi, waliojiandikisha walikuwa wachache mno, kwani nani angelipa fedha hizo ilhali watu anaotaka kuwaona hawana kifaa cha kumpokelea? Mfumo wa Bell wenyewe ulivunjwa mwaka 1984. Filamu ilielewa vyema kwamba baba aliye safarini atataka kumwona mtoto wake. Ilichoshindwa kukiona ni kwamba picha hiyo ingekuja kupita kwenye intaneti pamoja na barua, muziki na kila kitu kingine, bila kibanda na bila malipo ya simu mojamoja.

Kisha uliza masharti. Kati ya "kipo" na "hakipo" kuna jibu la tatu, nalo ni "kipo, lakini". Ubao wa kuelea wa Back to the Future Part II, filamu ya mwaka 1989, ulipata mwenzake mwaka 2015 pale kampuni ya magari ya Lexus ilipoonyesha ubao ulioelea kweli. Ulitumia maada ambazo zikipozwa kwa nitrojeni kimiminika hupitisha umeme bila ukinzani, nao uliweza kuelea juu tu ya njia ya sumaku iliyofukiwa chini. Ukiuweka barabarani, unakaa chini kama ubao mwingine wowote. Injini za ioni, zinazosukuma chombo angani kwa kutupa nyuma chembe zenye chaji ya umeme, nazo ni halisi, na chombo cha NASA kiitwacho Deep Space 1, kilichorushwa mwaka 1998, kilibeba injini hiyo, ila nguvu yake ya msukumo ilikaribiana na uzito wa karatasi moja kiganjani. Msukumo huo ukiendelea kwa miezi hufikisha mbali, lakini hauwezi kunyanyua chombo kutoka ardhini.

Mwisho, pima kifaa kwa mwili wako. Katika Minority Report ya mwaka 2002, askari anapanga picha hewani kwa mikono yenye glavu, na mshauri wa filamu hiyo, John Underkoffler, aliyetoka maabara ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, baadaye alishiriki kuanzisha kampuni iliyouza mfumo wa aina hiyo. Kwa hiyo kwa upande wa ufundi jambo hili linawezekana kabisa. Sasa simama, inua mikono yote miwili usawa wa mabega, na uichezeshe hewani kana kwamba unapanga mafaili kwa dakika 5. Zikiisha, utakuwa umekwisha kuelewa kwa nini ofisini bado watu wanatumia kipanya.