SOMO: Kukodi boti mto Thames na kupita loki (soma kwanza, ndipo uniulize)

Tangu niweke zile picha nikiendesha boti mto Thames, Uingereza, simu yangu haipumziki. "Kapteni, leseni ulipata wapi?" "Kapteni, ule mlango wa majini ni wa nini?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naandika mara moja tu. Atakayeuliza lililokwisha kuandikwa hapa nitamtajia namba ya hatua, asione nimemdharau.

Kwa wasionijua, mimi ni wa Walukuba, Jinja, Uganda, na boti nimeziendesha tangu ujana ziwani, Masese kwenda visiwani. Dada yangu anaishi Reading, Uingereza. Nilipokwenda kumtembelea tulikodi boti ya kulala ndani kwa siku saba: mimi, dada, shemeji na mpwa wangu. Tukapanda Thames mpaka Oxford, tukarudi.

Neno "loki" nalitumia kwa kukosa jingine. Ni chumba kilichojengwa mtoni, kina mlango upande wa juu na mlango upande wa chini. Mto ule unashuka kwa ngazi, na kila ngazi ina loki yake. Kati ya Lechlade na Teddington ziko zaidi ya 40. Sisi, Reading mpaka Oxford, tulipita 11 kwenda na 11 kurudi.

1. Leseni ya unahodha haitakiwi kwa boti ya kukodi. Mwenye boti anakuonyesha, unaendesha kidogo naye akiwa pembeni, anashuka.

2. Jaketi la kuokolea maisha: vaa. Usiniambie unajua kuogelea.

3. Barabarani Waingereza wanapita kushoto kama sisi, mtoni wanapita kulia. Mwisho wa mwendo ni kilomita 8 kwa saa. Ukizidisha, mawimbi yako yanazigonga boti zilizofungwa ukingoni na chai ya watu inamwagika. Watakwambia.

4. Mto una watu wengi: boti za matanga, mitumbwi, bata maji, na wapiga makasia. Hao wa makasia wape nafasi, kwa sababu wanakaa wamegeuzia mgongo kule wanakokwenda. Mwanzoni mwa Julai pale Henley kuna mashindano yao makubwa. Kama ndiyo safari yako ya kwanza, usipange kupita hapo wiki hiyo.

5. Ukikaribia loki punguza mwendo, soma vibao. Kando ya kila loki kuna ukuta ambao maji ya ziada yanarukia juu yake. Upande huo usiende hata kwa kupiga picha. Foleni ikiwepo, subiri ukingoni. Walio ndani watoke kwanza. Ni kama taksi za Kampala, ila hapa watu wanasubiri kweli.

6. Ndani ya loki. Hapa tukae kidogo.

Zima injini. Mtu mmoja ashike kamba ya mbele (watu wa Pwani huita omo), mwingine ya nyuma (tezi). Ncha moja ya kamba imefungwa botini. Unaipitisha kamba kwenye nguzo fupi iliyoko juu ukutani, kisha ncha ya pili inarudi MKONONI MWAKO. Unaizungusha, hufungi fundo. Maji yakipanda unavuta kamba isilegee. Yakishuka unaiachia pole pole.

Sasa niseme aibu yangu. Kwenda tulikuwa tunapanda mto, na mara mbili tatu nilipiga fundo kwa mazoea. Hakuna lililotokea, kwa sababu maji yakipanda kamba inalegea tu. Nikajiona fundi. Siku ya tano tukaanza kushuka. Loki ya Iffley kamba alishika shemeji, salama. Tukafika Sandford, loki ambayo maji yake yanashuka karibu mita 2.7. Nikapiga lile fundo letu la Masese, la kufungia boti usiku wa upepo, nikageuka kumpiga mpwa wangu picha. Maji yakaanza kutoka. Boti ikashuka upande mmoja, upande wangu ukabaki unaning'inia kwenye kamba. Kwanza nilisikia sahani, kisha sufuria ya wali, kisha dada akiita jina langu lote, la baba na la babu. Nilikimbilia fundo: limekazwa na uzito wa boti nzima, halifunguki. Mlinzi wa loki aliona, akafunga maji, akaingiza mengine mpaka boti ikanyanyuka na kamba ikalegea. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na hilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo:
– Usifunge fundo ndani ya loki. Hata "kidogo tu" usifunge.
– Usizungushe kamba mkononi wala mguuni. Boti ina nguvu kukushinda.
– Ikikwama, usishindane na fundo. Piga kelele maji yafungwe.
– Mkono au mguu usiwe kati ya boti na ukuta.
– Picha utapiga ukishatoka.

Sisi wa ziwani ndio tulio hatarini zaidi hapa. Ziwani, boti iliyofungwa imara ndiyo iliyo salama, na mkono unafunga kabla kichwa hakijafikiri.

7. Mlango ukifunguka wote, washa injini, toka taratibu.

8. Walinzi wapo mchana, hasa majira ya joto. Wasipokuwepo unaendesha loki mwenyewe, nyingi ni za vitufe na maelezo yameandikwa palepale. Juu ya Oxford kuna za kusukuma kwa mikono, huko sikufika.

9. Kulala: geuza boti ielekee mkondo unakotoka, ndipo ufunge. Penye nyasi unapigilia vigingi vya chuma kwa nyundo. Hapa sasa fundo linaruhusiwa, piga hata la Masese.

10. Mvua ikinyesha sana wanatundika vibao kwenye loki. Cha njano maana yake mkondo unabadilika, uwe macho. Chekundu, boti ya kukodi inabaki ilipo. Usibishane.

Maswali chini.

*

Boda_Mbale: Kapteni somo zuri sana. Leseni inahitajika?

Hatua ya 1.

Mama Wawili, Busia: Asante kaka. Mimi nina mtoto wa miaka sita na shangazi yake yuko huko huko Reading. Je, anaweza kusafiri hivyo au ni hatari?

Dada, anaweza kabisa, na atafurahi kuliko nyinyi. Mwenye boti mwambie umri na uzito wake mapema akuwekee jaketi la kumtosha. La mtu mzima linamtoka kichwani. Ndani ya loki akae chini, na awepo mtu mzima ambaye kazi yake ni mtoto tu, asishike kamba. Watoto hupenda kusukuma ukuta kwa mikono, na ndipo vidole vinapobanwa. Mpe kazi ya kuhesabu loki. Mpwa wangu alikuwa akiziandika kwenye daftari, na pale kwenye loki za Goring na Cleeve alichanganyikiwa kwa sababu zimekaribiana mno.

Nahodha Mstaafu, Entebbe: Nimeendesha boti Ziwa Nalubaale (Victoria) miaka 20. Haya ya kamba ni kutisha watu. Nahodha anayejua kazi hafungi vibaya.

Mzee wangu, nami kazi naijua, na sahani za watu nilivunja. Ndiyo maana nimeandika. Ziwa halishuki mita mbili na nusu chini yako ukiwa umesimama.

Mwanafunzi_Gulu: Samahani kapteni, nimesoma mara mbili. Maji yanapandaje ndani ya hicho chumba? Kuna pampu kubwa?

Swali zuri, na hakuna pampu hata moja. Fikiria mitungi mitatu iliyopangwa kwenye ngazi: wa juu ni mto wa juu, wa kati ni loki, wa chini ni mto wa chini. Umeingia kwa chini, mlango ukafungwa nyuma yako. Wanafungua vidirisha vidogo vya upande wa juu, maji yanateremka kwa uzito wake mpaka ya ndani yalingane na ya juu. Yakishalingana hakuna kinachoukandamiza tena mlango, unafunguka kirahisi. Kabla ya hapo hata ng'ombe kumi hawaufungui. Kushuka ni kinyume chake: unatoa maji kwa chini. Ukiwa unapanda, maji yanachemka kule mbele, kwa hiyo usisogee mno.

Bombo_Kwetu: Mbona Nile yetu haina hizo loki? Tungetoka Jinja mpaka Pakwach kwa boti.

Ndugu, hili nimelifikiria sana nikiwa kule. Kutoka Jinja mpaka Ziwa Albert mto unaporomoka zaidi ya mita 500. Pale maporomoko ya Murchison maji yanabanwa kwenye ufa wa mita 7 hivi kisha yanaanguka mita 43 hivi. Ungehitaji ngazi ya loki kama jengo la ghorofa. Na mabwawa yetu, Nalubaale ya 1954, Bujagali ya 2012, Isimba ya 2019, mpaka Karuma, yalijengwa kwa ajili ya umeme, si kupitisha boti. Wakoloni walizunguka: reli ya 1912 kutoka Jinja mpaka Namasagali, meli kupitia Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port, kisha barabara mpaka Butiaba. Yaani treni na lori ndizo zilikuwa loki zetu. Lakini Nile hii hii ikifika Misri ina loki pale Esna, meli za watalii za Luxor na Aswan hupita humo.

Bombo_Kwetu: Shukrani. Babu yangu alikuwa akiitaja hiyo Namasagali, nilidhani ni shule tu.

Mpenda Safari: Visa je? Nisaidie na mwaliko.

Visa unaomba kabla ya kusafiri, kama mgeni yeyote kutoka Uganda. Mwaliko anatoa mwenyeji wako. Mimi nafundisha kamba.

Chapati Moto, Lira: Jikoni kuna nini? Rolex (chapati ya kukunjia mayai) inawezekana?

Kuna jiko la gesi la plati mbili tatu. Rolex nilipika kila asubuhi, na siku moja nikampa jirani aliyefunga boti karibu; kesho yake akaja na mayai yake mwenyewe. Ila ukipika fungua dirisha. Boti ni chumba kidogo, na moshi wa gesi usioonekana unaua watu wakiwa wamelala.

Fundi Injini, Masese: Ongeza na hili, kapteni: ufunguo wa injini uufunge kwenye kizibo kikubwa kinachoelea. Mimi nimezamisha miwili hapahapa Jinja.

Nilisahau kabisa. Wa kwetu ulikuwa na kizibo, na ulianguka majini mara moja. Naongeza kwenye hatua ya 2.