Kulipwa kwa kuandika kuhusu gemu: peleka wazo, usiombe uhakiki

Usimwandikie mhariri ukiomba akupe gemu mpya uihakiki. Uhakiki wa gemu kubwa kwa kawaida huenda kwa waajiriwa wa jarida au waandishi waliokwisha kuaminika, maana kopi za mapema, zinazotolewa kabla gemu haijaanza kuuzwa, ni chache na huja na masharti ya tarehe ya kuchapisha. Mgeni huingia kwa makala maalumu: wachezaji wanaoendesha wenyewe seva ya gemu iliyotelekezwa na kampuni yake, kwa mfano, au fundi wa sauti anayetengeneza mlio wa nyayo. Habari ya namna hiyo mhariri hana, wewe unayo.

Pendekezo la makala unalomtumia mhariri liwe aya mbili tu: kichwa, utamhoji nani, kwa nini sasa. Majarida mengi yana mwongozo wa mapendekezo kwenye tovuti zao. Usome kwanza, tafadhali.

Akikubali, uliza kabla hujaanza kuandika: malipo kiasi gani, yanatoka lini (wengi hulipa baada ya kuchapisha), na utapata nini makala ikifutwa. Majibu yawe kwenye baruapepe, si kwa simu.