Gari ya Saluni, ya Hapa au ya Kuagiza: Namna ya Kuchagua Ukiwa Unguja au Pemba

Kwetu hakuna kiwanda cha kuunda gari za saluni, kwa hiyo mtu akisema "gari ya hapa" anakusudia ile iliyokwisha kupata namba za Z na kutembea kisiwani, na "ya kuagiza" ni ile ambayo bado imelala yadi au mnadani Japani. Wengi huamua kwa kutazama mwaka na rangi. Vitu viwili vina uzito zaidi kuliko hivyo: namba ya chesisi na hali ya chuma cha chini. Namba ya chesisi inakwambia injini na giaboksi utakayoishi nayo. Chuma cha chini kinakwambia gari itadumu muda gani kwenye hewa yetu ya chumvi.

Chesisi kwanza

Toyota Premio na ndugu yake Allion ndizo saluni zinazoeleweka zaidi kwa mafundi wa hapa, na kwa familia ya watu watano ndizo tunazozipendekeza bila ya kusita. Kizazi cha kwanza kilianza Disemba 2001, cha pili kikaanza 2007 na kuendelea mpaka 2021. Herufi za chesisi zisome hivi: NZT240 na NZT260 zina injini ya lita 1.5 aina ya 1NZ. ZZT240 ina lita 1.8 ya 1ZZ. ZRT260 ina lita 1.8 ya 2ZR. AZT240 ina lita 2.0 ya 1AZ-FSE. Ukiona ZRT265, hiyo inaendesha magurudumu yote manne. Ni nzito zaidi, ina shafti na difu ya nyuma ya kuhudumia, na kwa barabara za Unguja hakuna inachokuongezea.

Injini ya 1NZ imo pia kwenye IST, Probox, Raum na baadhi ya Spacio, kwa hiyo spea zake hazikusumbui hata ukiwa Wete. Ikiwa na watu watano na kiyoyozi inajikokota, khasa kwenye vilima vya Pemba. Hapo 2ZR ndiyo inayofaa. Injini ya 1ZZ za miaka ya mwanzo, kabla ya 2005, zinajulikana kwa kula oili: ringi za pistoni zinaziba masizi, oili inapanda juu na kuungua. Injini ya 1AZ-FSE inamwagia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu za kuingizia hewa haziguswi na petroli hata kidogo, masizi yanajijenga juu yake, na gari inaanza kutetemeka ikiwa imesimama. Fundi atabadilisha plagi, kisha koili, na mtetemo utabaki palepale, kwa sababu kinachotakiwa ni kusafisha njia ya hewa na valvu. Kama huna fundi anayeijua injini hiyo, iache.

Mark X ina mvuto wake na tunauelewa. GRX120 na GRX130 zina lita 2.5 yenye silinda sita, gia sita, na msukumo unaenda magurudumu ya nyuma. Lakini injini yake ya 4GR-FSE inamwaga petroli ndani ya silinda kama ile ya 1AZ-FSE, na Japani ile ya GRX120 imeandikiwa petroli ya daraja la juu ilhali Premio inakubali ya kawaida. Upana nao una maana. Premio ina milimita 1,695, Mark X inaanzia 1,775. Kama unalaza gari kwenye kichochoro cha Mwembetanga au Kikwajuni, kapime kwa futi kabla ya kulipa, na uhesabu nafasi ya kufungua mlango.

Nissan Teana ya J32 (kuanzia 2008) ina kiti kizuri kuliko zote hizi, na Subaru Legacy inashika barabara vizuri. Ziko sawa kwa mtu mwenye fundi wake na subira ya kungoja spea zivushwe kutoka Dar. Kwa anayeishi Pemba hatuzishauri.

Gari ya hapa: anza chini

Mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika, na nenda asubuhi. Injini ya moto inaficha mambo. Uende na tochi, sumaku ndogo, kitambaa cheupe na kifaa cha kusoma makosa ya injini. Kama kuna gereji yenye shimo au jeki ya kunyanyulia, lipia. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na unachokaribia kukitoa mfukoni.

Gari iliyokaa Nungwi, Paje au Jambiani inapigwa na upepo wa bahari mchana na usiku, na mchanga wenye chumvi unajificha pale maji ya kuoshea yasipofika. Tazama sehemu hizi, kwa utaratibu huu: mbavu za chini ya milango, viungo vya fremu inayobeba injini, mabano ya mkono wa nyuma, bomba za breki zinazopita chini kuelekea nyuma, na mishono ya eksozi. Kutu ya rangi ya chungwa juu juu inasuguliwa. Kutu inayovimba na kumenyuka kwa tabaka ukiigusa na bisibisi imeshakula chuma. Bomba ya breki yenye vipele vya kutu haina mjadala: ama inabadilishwa kabla ya kuuziana, ama gari unaiacha, kwa sababu inapasuka siku utakayoikanyaga breki kwa nguvu.

Ukikuta chini kote kumepakwa lami nyeusi mbichi, tia shaka. Lami ikipakwa juu ya kutu inafunga unyevu ndani na kazi ya kutu inaendelea gizani. Gonga kwa kishikio cha bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa.

Kisha fungua buti, nyanyua zulia, toa tairi ya spea. Maji, mchanga au mshono wa gundi usiofanana upande wa pili vinaonesha mpira wa buti umechoka au gari iligongwa nyuma. Pitisha sumaku chini ya matao ya magurudumu. Isiponata, hapo pana putti nene. Tazama boliti za mabawa na za bawaba za boneti. Zikiwa zimechubuka rangi, zimewahi kufunguliwa.

Sasa iwashwe. Moshi wa buluu wa sekunde chache kisha ukakatika unaweza kuwa sili za valvu. Moshi wa buluu unaotoka muda wote unapokanyaga mafuta mara nyingi ni ringi. Funga kitambaa cheupe karibu na mdomo wa eksozi kwa nusu dakika. Madoa yenye mafuta yanakupa jibu hilohilo. Washa kiyoyozi, iache imesimama dakika 15, usiondoe macho kwenye geji ya joto kama inayo. Feni ya rejeta lazima ijiwashe.

Premio ya kizazi cha pili ina giaboksi ya CVT, yaani ya mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Iendeshe polepole, kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, kwa mguu mwepesi. Kama inatetemeka mithili ya gari inayopita juu ya ngazi, au inalia mluzi unaopanda pamoja na mwendo, imeshachoka. Sababu ya kawaida ni oili isiyo yake: CVT inataka Toyota CVT Fluid FE au TC kama ilivyoandikwa, na fundi aliyezoea giaboksi za zamani anamimina T-IV, ambayo haishiki mkanda wa chuma inavyotakiwa. Muulize mwenye gari aliweka oili gani na lini. Asipojua, chukulia kuwa ni mbaya na upunguze bei, au uiache.

Chomeka kifaa cha kusoma makosa. Gari isiyo na kosa hata moja lakini vipimo vyake vya ndani vyote vinaonesha "bado havijakamilika" imefutwa makosa muda mfupi uliopita, au batri imetolewa. Endesha nusu saa kisha usome tena.

Mwisho, kadi ya gari. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi, ya kwenye bamba na ya kwenye kadi ziwe moja, herufi kwa herufi. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Akiwa ni dalali, mwenye jina aje mwenyewe na kitambulisho. Na kama una nia ya kuivusha kwenda Bara siku moja, uliza kwanza TRA juu ya forodha kwa gari yenye namba za Z. Usitegemee maneno ya muuzaji.

Gari ya kuagiza: karatasi ya mnada

Usinunue kwa picha za tovuti. Omba karatasi ya mnada, na kama muuzaji anasema haipo, nenda kwa mwengine. Juu kulia pana daraja: 4 na 4.5 ni gari nzuri iliyotumika, 3.5 ina michubuko na mabonde ya kawaida, R au RA iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Herufi ya pembeni ni ya ndani ya gari, A hadi D. Chini pana mchoro wa gari wenye alama. A ni mchubuko, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, X ni kipande kinachotakiwa kubadilishwa, XX kilichokwisha kubadilishwa. A1 na U1 zisikutishe.

Zinazotakiwa kukutisha ni S na C, yaani kutu na kuoza. Mtu anadhani gari ya Japani haina kutu, wakati huko kaskazini barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa theluji. Mnada ukiwa wa Sapporo (kisiwa cha Hokkaido) au Niigata, omba picha za chini ya gari bila ya aibu. Ukileta Zanzibar gari iliyokwisha kuanza kuliwa na chumvi ya Hokkaido, umeiongezea chumvi ya bahari.

Kuhusu kilomita, linganisha karatasi ya mnada na cheti cha kuondolea gari Japani, ambacho huonesha pia usomaji wa ukaguzi wa serikali. Gari mpya ya kawaida hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, kwa hiyo kurudisha mita nyuma huacha alama. Mwaka wa kuundwa unaweza kuuthibitisha ikifika: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa kwake.

Malipo yaende kwenye akaunti ya benki iliyoko Japani yenye jina la kampuni lile lile lililo kwenye ankara. Ukipokea barua pepe inayosema akaunti imebadilika, simama, ipigie kampuni kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Uanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji wa gari zilizotumika wa Japani, unakupa pa kulalamikia. Kabla gari haijapakiwa, mtake wakala wako wa forodha athibitishe masharti ya ukaguzi ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, maana karatasi inayokosekana huku inageuka gharama ya kulaza gari bandarini.

Hesabu

Bei unayolinganisha na gari ya hapa ni ile ya gari ikiwa imesimama mlangoni kwako, na mtandaoni hujaiona bado. Anza na CIF, yaani gari pamoja na bima na meli. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni 25% juu yake: CIF ya dola 5,000 inazaa dola 1,250. Kodi ya bidhaa inahesabiwa juu ya jumla hiyo, na VAT juu ya yote. Forodha wana thamani zao wenyewe kwa kila aina na mwaka, kwa hiyo ankara ya bei nafuu haikupunguzii kitu. Ukubwa wa injini una mpaka kwenye cc 2,000. Premio inabaki upande wa chini, Mark X inavuka na kodi ya bidhaa inapanda. Gari ya umri mkubwa hulipa zaidi pia. Kisha ongeza wakala, bandari, usajili, bima, na kwa Pemba nauli ya kuivusha.

Msimamo wetu ni huu. Gari ya hapa iliyoingia ndani ya miaka mitatu iliyopita, iliyolala mjini, chini safi na oili ya CVT inayojulikana, ichukue hata ikizidi kidogo bei ya kuagiza, kwa sababu umeiona na umeiendesha. Ikikosa moja ya hayo, agiza ZRT260 ya daraja 4 na usubiri meli.

Ikishafika

Hakikisha bandarini kabla ya kusaini: tairi ya spea, jeki, funguo zote, na kadi ya SD ya radio. Radio nyingi za asili za Toyota zenye ramani zinategemea kadi hiyo. Ikichomolewa njiani, radio inakataa kabisa. Masafa ya FM ya Japani huanzia 76 na kwa radio nyingi huishia 90, kwa hiyo vituo vya juu havitashika bila ya kifaa cha kubadilisha masafa.

Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini: lita 3.7 kwa 1NZ pamoja na filta, 4.2 kwa 2ZR. Osha chini kwa maji matamu, iache ikauke siku nzima juani, kisha pulizia nta ya chini ya gari ndani ya mbavu na mishono. Oili chafu wanayopuliza baadhi ya gereji inaharibu bushi za mpira. Zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango. Kwenye rejeta usiweke maji ya kisima, kwani kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe na maji yake yana chokaa inayoganda ndani ya mirija. Tumia kulanti ya pinki ya Toyota, na fundi akikushauri utoe thamostati ili gari "ipoe", mkatalie: atafute kwanza kama feni, rejeta au kifuniko chake ndicho kibovu.