Entebbe hadi Guangzhou: kupiga hesabu ya kilomita na saa za safari

Anayesafiri kutoka Uganda ana bahati moja: uwanja wa Entebbe uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo kanuni ndefu ya kupima umbali juu ya mviringo wa dunia inafupika. Kwa kitufe cha cos cha kikokotoo, zidisha cos ya latitudo (digrii za kaskazini au kusini ya ikweta) ya mji unaoendea kwa cos ya tofauti ya longitudo (digrii za mashariki au magharibi), kisha jibu lake libonyezee cos⁻¹ upate digrii. Kila digrii ni kilomita 111.2.

Tuchukue Guangzhou, China, ambako wafanyabiashara wengi wa Kampala hufuata mzigo. Uwanja wake uko latitudo 23.4 Kaskazini, longitudo 113.3 Mashariki. Entebbe ni 32.4 Mashariki, hivyo tofauti ni 80.9. Laza simu kwa ubavu ili kikokotoo kitoe vitufe vya cos. Utapata 0.918 mara 0.158, yaani 0.145, cos⁻¹ yake ni digrii 81.7, ambazo ni karibu kilomita 9,080. Cos 23.4 ikikuletea -0.16, kikokotoo kiko kwenye RAD, kipimo kingine cha pembe. Kirudishe kwenye DEG, yaani digrii, uanze upya. Na mji ukiwa na longitudo ya Magharibi, longitudo zinajumlishwa, hazitolewi.

Ukiunganisha ndege Addis Ababa, vipande ni 1,220 na 8,040, jumla 9,260. Kupitia Dubai ni kama 9,560. Tofauti ni ndogo mno kukusumbua. Kinachokula muda ni kusubiri uwanjani, basi hicho ndicho cha kukagua kabla ya kulipia tiketi.

Kupata muda wa angani, gawanya kila kipande kwa 850, yaani kilomita ambazo ndege huenda kwa saa, halafu ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Entebbe hadi Addis inatoka saa mbili kasoro kidogo, na Addis hadi Guangzhou saa kumi. Wakati wa kurudi, ndege inapambana na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi, kwa hiyo kipande kirefu kiongezee kama saa moja.

Sasa tiketi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5. Addis saa zake ni sawa na zetu. Tuseme unaondoka huko 23:00 na kufika 14:00 kesho yake: ni saa 15, toa 5, zinabaki 10.

Kosa linaloumiza zaidi ni la tarehe. 03:15 Ijumaa ni saa tisa na robo, usiku wa kuamkia Ijumaa. Anayekwenda uwanjani Ijumaa usiku atakuta ndege iliondoka zamani. Uwe Entebbe muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka, na kutoka Kampala ni kama kilomita 40 zenye foleni. Kwa hiyo mizigo ifungwe Alhamisi mchana, na saa nne usiku huo huo uwe barabarani.