Somo: jiko la shamba ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba), kwa emaye (enameli), shaba na maganda ya mahindi

Wengi mnanitumia picha za majiko ya Ulaya na Marekani yanayoitwa ya mtindo wa shamba: kuta nyeupe, rafu za mbao zisizo na milango, birika la emaye lililobanduka mdomoni, sufuria za shaba zikining'inia. Halafu mnauliza, yaya (dada mkubwa), hivi vitu tutavipata wapi hapa Lubumbashi? Chungulieni chini ya kitanda cha bibi. Jiko hilo ni la mkulima asiyetupa chombo hata kikizeeka, na wengi wetu tumekula bukari (ugali) katika jiko la namna hiyo. Plastiki ilipoingia tukaona haya, tukavisukuma vya zamani stoo. Leo tunavitoa, ila kwa utaratibu, maana nimeshaharibu kitu kimoja kizuri kwa haraka zangu. Nitawasimulia mbele.

Hatua ya kwanza: pita kwenu kabla ya kupita sokoni

Kwa mama yangu nilipata beseni la emaye jeupe lenye ukingo wa buluu, birika lisilo na kifuniko, pasi ya makala (makaa), kinu kilichopasuka mdomo, na kopo moja ambalo babu alilinda kama pasipoti. Alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa mwaka 1906 ambayo mali zake zilichukuliwa na serikali mwaka 1967, na baadaye zikaitwa Gécamines. Nyumba za wazee wa namna hiyo, mtaani Kamalondo na kwenye kambi za zamani za wafanyakazi, bado zina vyombo. Omba kwa adabu, na mpe mwenyewe kitu kipya kinachofanya kazi ileile. Beseni la plastiki kwa beseni la emaye, kila mtu anacheka.

Sokoni nenda baadaye, na uende na kikomo. Vyombo saba vinatosha kuanzia. Zaidi ya hapo jiko linageuka banda la muuza vyuma chakavu. Shaba iliyotoka kwenye nyaya za umeme usiiguse hata ikiwa bei rahisi: mtaa mzima unalala gizani kwa sababu ya mapambo yako.

Hatua ya pili: tembea na sumaku

Toa sumaku kwenye spika mbovu ya redio, tia mfukoni. Ikishika chombo cha emaye, sawa, maana emaye ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la karibu nyuzi 800. Ikishika "sufuria ya shaba", umeonyeshwa chuma kilichopakwa shaba kwa juu. Shaba yenyewe haivutwi, wala aluminiamu. Ukikwaruza chini kidogo, shaba tupu inabaki nyekundu mpaka ndani. Muuzaji akikukataza kukwaruza, muage vizuri.

Hatua ya tatu: kila chombo na dawa yake

Hapa ndipo somo lilipo, msirukie.

Emaye. Loweka kwa maji moto na sabuni, kisha sugua madoa kwa magadi ya keki yaliyochanganywa na maji kidogo hadi yawe uji mzito. Usitumie sufi ya chuma wala mchanga, kioo kinachubuka na uchafu utashika upesi kuliko mwanzo. Palipobanduka pakaota kutu, sugua hapo tu kwa limau, suuza, kausha juani, paka tone la mafuta. Pengo jeusi liache lionekane. Kuna waliopaka rangi ya kucha juu yake, mimi naona ni kumpaka bibi podari usoni ili asionekane amezeeka.

Shaba nyekundu. Kata limau, chovya kwenye chumvi, sugua kwa kuzungusha. Tindikali ya limau inayeyusha ule weusi, chumvi inasaidia kukwangua. Dakika chache tu, suuza kwa maji mengi, kausha hapohapo kwa kitambaa, la sivyo madoa yanarudi kabla hujamaliza kunywa chai. Jiulize pia kama unataka ing'ae. Hudhurungi inayokuja na umri ni pambo tosha, mimi huiacha. Kinachopaswa kutoka ni ile kutu ya kijani inayotoka kama unga, hiyo ni sumu, ivalie glavu. Na kama unataka kupikia, angalia ndani: sufuria ya shaba ya kupikia hupakwa bati kwa ndani, lenye rangi ya fedha. Bati likiisha ukaona wekundu, usipikie nyanya, siki wala limau, shaba inaingia kwenye chakula. Tena usiiweke tupu motoni, bati huyeyuka kwa nyuzi 232, na mbabula (jiko la makala) yenye makala mazuri inafika huko bila kukuaga.

Malakiti. Mume wangu alirithi kisahani cha sigara cha malakiti, kijani chenye mistari kama maji yaliyotupiwa jiwe. Siku ya kusafisha shaba nikasema, nacho ni mtoto wa shaba, kioge pamoja. Nikakisugua kwa limau na chumvi. Uso wote ukafubaa. Kweli malakiti ni madini ya shaba, lakini ni kabonati, na kabonati na tindikali haviketi meza moja: tindikali inaila. Tena ni laini, kati ya 3.5 na 4 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, hata mchanga wa kitambaa unaacha alama. Malakiti inafutwa kwa kitambaa laini chenye unyevu, basi. Wala msijaribu kuipiga msasa nyumbani, vumbi lake si la kuvuta. Kisahani kile sasa kinakaa rafu ya juu, upande uliofubaa ukitazama ukuta, na mume wangu hajauliza bado.

Chuma cheusi: pasi ya makala, kikaango, mizani. Siki nusu, maji nusu, tumbukiza, chungulia kila nusu saa. Ukisahau usiku kucha, siki ikimaliza kutu itaanza kula chuma. Piga brashi, osha, kausha juu ya moto mdogo. Chuma kikiwa bado cha uvuguvugu, pitisha nta ya nyuki. Wauza asali ya porini wanayo, wengine huitupa. Nta inaziba hewa na maji, na pasi inapata weusi wa kupendeza bila kunata kama ukipaka mafuta ya kupikia. Kikaango cha kupikia ndicho kipewe mafuta, tena kidogo mno, na joto kali hadi yakauke.

Aluminiamu isugueni, lakini msiiloweke kwenye maji ya majivu wala soda kali, inaliwa.

Mbao: vinu na miiko. Ukiona unga mpya chini ya vitundu, kuna mdudu hai. Funga kwenye plastiki, kaa na muuza nyama mwenye friza inayotegemea jenereta, omba nafasi ya wiki mbili. Atakucheka. Matundu ya zamani yasiyotoa unga yaache.

Hatua ya nne: ukuta

Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma. Msumari kwenye tofali unapasua, kwenye lipu unang'oka na kipande chake. Toboa kwa drili, weka plagi, kisha funga mti mmoja mrefu mlalo, wa mpini wa jembe hata. Vyombo vining'inie humo kwa kulabu za waya mnene ulizokunja kama herufi S. Hivyo ukuta unatobolewa mara mbili tu, na unaweza kubadilisha vyombo kila msimu. Chombo kizito kikae mwisho karibu na skrubu, chepesi katikati. Kila kitu kiwe mbali na mbabula, moshi wa makala unafifisha kila ulichong'arisha.

Chokaa nyeupe ukutani ndiyo rangi bora na ya bei nafuu. Emaye nyeupe juu ya ukuta mweupe huonekana kwa ukingo wake tu, na hapo ndipo uzuri wake.

Hatua ya tano: misimu

Wenzetu wa kaskazini wana maboga ya Oktoba na theluji ya Desemba. Sisi tuna kiangazi na masika, na Oktoba yetu ni ya jakaranda. Fuateni mti ulio nje ya dirisha lenu.

Mwezi wa tano na wa sita, mahindi yamevunwa. Chukua maganda makavu ya ndani, yale laini yenye rangi ya krimu, yapata sitini. Loweka dakika kumi kwa maji ya uvuguvugu yalegee. Kunja duara la waya la upana wa sentimita 30. Kila ganda lichane upana wa vidole vitatu, likunje katikati liwe kitanzi, funga shingo yake kwenye duara kwa uzi wa katani, kitanzi kikitazama nje. Sogeza lifuatalo libanane na la kwanza. Ukimaliza duara, acha likauke juu ya meza siku mbili, usilitundike likiwa bichi, litajipinda. Ukitaka rangi, chemsha baadhi ya maganda na ya vitunguu vyekundu kabla ya kusuka.

Nyasi ndefu za porini zikate kabla moto wa kiangazi haujapita. Funga mafungu madogo, ning'iniza kichwa chini mahali penye kivuli wiki mbili, kisha simamisha kwenye birika la emaye. Nyasi kavu hazitaki maji, kwa hiyo kutu hairudi.

Mwezi wa nane hadi wa tisa, kabla ya tone la kwanza la mvua, miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Wageni hudhani ni majani yanayokufa. Yabane kati ya magazeti chini ya matofali, badilisha gazeti kila siku tatu. Baadaye jakaranda: maua msihangaike nayo, yakikauka yanageuka tope. Okota yale maganda yake ya mbegu, bapa na magumu, yaliyofunguka kama midomo. Yakaushe kwenye oveni ya joto dogo ili wadudu wafe, yapitishie nta, tunga kwenye uzi.

Masika yakifika Novemba, shusha kila kilicho kikavu, kitaota ukungu. Weka maembe kwenye beseni. Noeli, zungushia lile taji la mahindi vipande vya kikwembe (kitenge) chekundu. Basi.

Maswali ya wanachama

Mama wa Katuba: Yaya, aksanti kwa somo. Niko na kopo za emaye, zimebanduka ndani. Watoto wanywee?

Mama, hapana. Pengo likiwa nje halina neno, likiwa ndani vipande vya kioo vinaweza kuendelea kutoka. Panda humo vitunguu majani. Na za zamani zenye rangi nyekundu, chungwa au njano kwa ndani zisipewe chakula hata kama ni nzima, rangi hizo mara nyingi zilikuwa na kadimiamu, na emaye za kale nyingine zina risasi.

Kaka wa Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi): Kuna mtu ananiuzia msalaba wa shaba, anasema ni feza ya wakubwa wa zamani, umetoka kaburini. Niuweke jikoni?

Mdogo wangu, kuna mambo mawili. Misalaba ya shaba kweli ilikuwa feza yetu, mikubwa ilifika sentimita 20 na uzito wa karibu kilo, na mitatu yake ilikuwa kwenye bendera ya Katanga, jimbo letu, ya 1960. Lakini mafundi wanaitengeneza mpaka leo, kwa hiyo chukulia ni mpya na lipa bei ya kazi ya mikono. Akikazania ni wa kaburini, basi usinunue kabisa. Ama anadanganya, ama amefukua mtu. Wa kweli nenda kautazame kwenye makumbusho, hapa hapa mjini.

Dada wa Kampemba: Tunapanga, mwenye lupango hataki hata msumari mmoja.

Ngazi, dada. Ngazi kuukuu ya mbao iegemeze ukutani, miguu yake ivalishe vipande vya mpira wa tairi isiteleze, ning'iniza vyombo kwenye vidaraja. Siku ya kuhama unabeba ngazi.

Mama wa njia ya Kipushi: Maganda ya mahindi hayataleta panya?

Maganda matupu, hapana. Hakikisha hakuna punje iliyobaki wala ile nywele ya hindi. Mende ndio wanaopenda mikunjo, kwa hiyo taji likung'ute kila wiki, na mwaka ujao suka jipya, la zamani washia mbabula.

Tantini wa Ruashi: Mama mkwe aliingia jikoni akasema tunatangaza umaskini, kwamba yeye alitoka jasho ili mwanawe asile tena kwenye emaye. Nimjibu nini?

Usimjibu, ana haki. Kwake kopo lile si pambo, ni miaka. Wangu alisema hivyohivyo, akakaa mwezi bila kuingia jikoni kwangu. Sikushusha kitu, ila nilimuuliza birika la kwao lilikuwa la nani. Akaanza na birika, akafika kwenye beseni la kuogeshea mume wangu alipokuwa mchanga, kumbe analo bado. Juma lililofuata alilituma kwa mtoto. Lina tundu chini. Ndimo zinamokaa mboga za majani.